Tumbo Halibagui Dawa na Nyama

Limezuka swali katika mabaraza yetu ya pwani, nalo lataka jibu. Je, zile dawa ambazo wenzetu wa ng'ambo hujidunga kwa sindano, zikifanywa unga au vidonge nasi tukazimeza, zitafanya kazi ile ile? Nimeulizwa hayo na vijana wanyanyuao vyuma, nimeulizwa na akina mama waliouziwa unga wa kulainisha ngozi, na nimeulizwa na wazee wenye kisukari waliochoka kujitoboa kila siku. Wote walikuwa na neno moja kinywani: peptaidi.

Mimi si daktari. Ni mwandishi apendaye kusoma na kuwauliza wajuao. Niliyoyapata nayaweka mbele yako, msomaji, kwa maana jambo lenyewe si la mzaha. Kuna mtu ambaye swali hili kwake ni la fedha tu, na kuna mtu ambaye kwake ni la uhai.

Kwanza tujue peptaidi ni kitu gani. Nyama, samaki, maharagwe, maziwa na mayai vina kitu kiitwacho protini. Protini ni mfano wa uzi mrefu uliotungwa shanga. Kila ushanga huitwa asidi ya amino, na mwili wa binadamu hutumia aina 20 za shanga hizo kutunga protini zake. Uzi ukiwa mrefu huitwa protini, na ukiwa mfupi huitwa peptaidi. Insulini, ile dawa ya kisukari tuijuayo, ina shanga 51 katika nyuzi mbili, mmoja wa shanga 21 na wa pili wa shanga 30. Aliyeusoma mpango wa shanga hizo mpaka mwisho ni Mwingereza Frederick Sanger wa Cambridge, na kwa kazi hiyo akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1958.

Nguvu ya peptaidi imo katika mpango wa shanga zake, haimo katika shanga moja moja. Kidani kikikatika, shanga zikamwagika sakafuni, unaweza kuziokota zote pasi na kupotea hata moja, lakini kidani huna tena.

Na tumbo letu kazi yake ni kukata vidani. Mtu akila pilau ya nyama, ile nyama hukutana tumboni na asidi kali, kisha hukutana na kimeng'enya kiitwacho pepsini kinachoanza kuzikata zile nyuzi. Zikiteremka kwenye utumbo mwembamba, hukutana na vikataji vingine vitokavyo katika kongosho, ambavyo huzikata vipande vidogo zaidi. Ukuta wa utumbo nao ni bawabu mkali. Kwa kawaida huruhusu ushanga mmoja mmoja, au vipande vya shanga mbili tatu, kuingia katika damu. Kutoka hapo mwili hujitungia vidani vyake wenyewe, kama upendavyo. Ndiyo maana mtu aliyekula papa maisha yake yote haoti mapezi.

Basi ukimeza peptaidi iliyo dawa, tumbo halina macho ya kuisoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Laiona nyama, laikata. Uliyoilipia maelfu ya shilingi imekuwa sawa na kijiko cha maharagwe.

Wafugaji wetu walijua zamani kwamba bawabu huyu ana saa yake ya kulegea. Ndama akizaliwa, damu yake haina kinga ya kutosha, na kinga hiyo huipata katika dang'a, maziwa ya kwanza ya mama yake. Katika siku yake ya kwanza hivi, utumbo wa ndama huziruhusu protini nzima nzima kupita na kuingia katika damu. Siku hiyo ikipita mlango hufungwa, na ndama aliyekosa dang'a huwa dhaifu hata akinyweshwa maziwa mengi baadaye. Sisi watu wazima mlango wetu umekwisha kufungwa, wala hautufungukii kwa sababu tumenunua kidonge cha bei.

Wala tofauti ya kumeza na kudungwa si habari ya leo. Mwaka 1664 Francesco Redi, tabibu wa watawala wa Toscana huko Italia, alitoa kitabu juu ya nyoka. Watu wa zama zake wengi waliamini kwamba sumu ya nyoka huua hata ikinywewa. Redi alionyesha kwamba huua inapoingia katika jeraha, bali ikimezwa haifanyi hivyo, na mshika nyoka mmoja aliinywa mbele ya watu asidhurike. Siku hizi twajua sababu. Sumu ya nyoka kwa sehemu kubwa ni protini na peptaidi. Jino la nyoka ni sindano, hupitisha sumu chini ya ngozi mahali ambapo hakuna pepsini wala asidi. Lakini nakuonya, msomaji, usithubutu kufanya majaribio hayo. Kidonda kidogo tu kinywani kinatosha kukupeleka kaburini.

Kisa cha pili chahusu tezi mbili za mwili. Mwaka 1891 daktari Mwingereza George Murray alimtibu mwanamke aliyedhoofika kwa sababu tezi ya shingo, ile inayofura ikawa rovu, ilikuwa haifanyi kazi. Alimdunga maji yaliyotolewa katika tezi ya kondoo, na mwanamke yule akapona, akaishi miaka 28 zaidi. Mwaka uliofuata madaktari wengine wakaona hakuna haja ya sindano, mgonjwa akila tu tezi ya kondoo yatosha. Wakashangilia, wakadhani wamepata ufunguo wa kila kufuli.

Wakati huo ilikwisha julikana kwamba kisukari chahusiana na kongosho, kwa kuwa mwaka 1889 huko Strasbourg wataalamu Minkowski na von Mering walimtoa mbwa kongosho, mbwa akashikwa na kisukari. Basi wagonjwa wakalishwa kongosho za wanyama, wengine mbichi na wengine zilizopikwa. Haikusaidia kitu. Sababu ni kwamba dawa iliyomo katika tezi ya shingo ni kitu kidogo sana, si uzi wa shanga, wala tumbo haliwezi kukikata. Dawa iliyomo katika kongosho ni insulini, nayo ni uzi wa shanga. Wagonjwa wale walikula dawa yao, na matumbo yao yakaila pia.

Ilipita zaidi ya miaka 30 kabla ya mambo kubadilika. Mwaka 1921 huko Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best walianza kutoa insulini katika kongosho za mbwa, kisha za ng'ombe, chini ya Profesa Macleod. Tarehe 11 Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa amekonda hata akabaki mifupa mitupu, alidungwa sindano ya kwanza. Ile ya kwanza haikuwa safi wala haikufaa sana. Mtaalamu James Collip akaisafisha, na tarehe 23 Januari kijana akadungwa tena, na sukari ikashuka. Leonard akaishi miaka 13 zaidi. Kongosho ni ile ile, dawa ni ile ile. Kilichobadilika ni njia ya kuingilia.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Katika mtaa ninaokaa kuna mama mmoja mwenye kisukari, ambaye kwa miaka amekuwa akijidunga insulini. Alikuja mchuuzi mmoja na pakiti za unga, akamwambia, "Mama, mna peptaidi humu. Koroga katika maji unywe, sindano utupe." Binti yake aliniletea pakiti ile nimsomee. Haikuwa na insulini ndani, na hata kama ingalikuwa nayo, tumbo lingaliikata. Nilimwambia binti ampeleke mama hospitali pamoja na pakiti ile, na asikose sindano hata siku moja kabla ya daktari kusema. Mtu ambaye mwili wake hautengenezi insulini kabisa, akiiacha, anaweza kufa katika siku chache. Hayo si maneno ya kutisha watu, ndivyo walivyokufa wagonjwa wote wa namna hiyo kabla ya mwaka 1922.

Najua kuna atakayeniuliza, "Mbona jirani yangu ana kisukari naye humeza vidonge?" Ni kweli. Lakini vidonge vile, kama metformini na glibenklamidi, si insulini wala si peptaidi. Ni dawa ndogo ndogo zilizotengenezwa kwa kemia, ambazo tumbo haliwezi kuzikata. Huwafaa wale ambao kongosho zao bado zina nguvu kidogo. Insulini ya kumeza hatunayo katika mahospitali yetu. Ng'ambo wamejaribu kwa miaka mingi, na Januari 2023 kampuni moja iliyokuwa imefika mbali ilitangaza kwamba jaribio lake kubwa la insulini ya kidonge halikufaulu.

Je, basi hakuna peptaidi hata moja inayofaa kumezwa? Nikisema hakuna nitakuwa nimekudanganya. Ziko chache, na kila moja ina hila yake.

Ya kwanza ni saiklosporini, wanayopewa watu waliotiwa figo ya mtu mwingine. Ni peptaidi ya shanga 11, lakini imefungwa mviringo kama pete, wala vikataji haviupati mwanzo wake wala mwisho wake. Ya pili ni desmopresini, wanayopewa baadhi ya watoto wakojoao kitandani. Hii ina shanga tisa tu, na kinachofika katika damu ni chini ya sehemu moja katika mia. Hata hivyo hufaa, kwa kuwa mwili wahitaji kiasi kidogo mno. Ya tatu ni linaklotaidi, dawa ya kufunga choo, ambayo kazi yake yote imo ndani ya utumbo wenyewe, haina haja ya kubisha mlango wa damu.

Ya nne ndiyo iliyowatia watu wengi tamaa. Ni semaglutaidi, peptaidi ya shanga 31, inayojulikana sana kwa jina la sindano yake Ozempic. Mwaka 2019 Marekani iliruhusu kidonge chake kiitwacho Rybelsus. Ndani ya kidonge mmetiwa chumvi maalumu, miligramu 300, ambayo huipunguza makali asidi iliyo kando ya kidonge na kuisaidia dawa kupenya ukuta wa tumbo. Mgonjwa hukimeza tumbo likiwa tupu, kwa maji yasiyozidi nusu gilasi, kisha hungoja nusu saa kabla ya kula chochote. Na pamoja na taabu yote hiyo, kinachoingia katika damu ni kama sehemu moja katika mia, au chini yake. Piga hesabu mwenyewe. Mwenye kudungwa aweza kupata miligramu moja kwa wiki nzima. Mwenye kumeza aweza kupewa miligramu 14 kila siku, yaani 98 kwa wiki. Wenye fedha na maabara kubwa kabisa duniani wamehangaika miaka mingi kupitisha sehemu hiyo moja. Yule anayekuuzia unga kwenye mfuko wa plastiki ameipitishaje?

Kuna hila nyingine iliyo bora zaidi, nayo ni kuiacha peptaidi na kuiga kazi yake. Wenye presha wengi wamepata kuandikiwa kaptoprili. Asili yake ni nyoka wa Brazil aitwaye jararaca. Katika miaka ya 1960 Sérgio Ferreira, mtaalamu wa nchi hiyo, alivumbua kwamba katika sumu ya nyoka yule mna peptaidi zenye kuhusika na mishipa ya damu. Mojawapo ya shanga tisa ilijaribiwa kwa wagonjwa, na ikidungwa ilishusha presha vizuri. Ikimezwa ilikuwa bure. Badala ya kuwauzia watu unga wa sumu ya nyoka, wataalamu Cushman na Ondetti wa kampuni ya Squibb walichunguza ncha ya peptaidi ile ifanyayo kazi, wakatengeneza kitu kidogo chenye umbo la kufanana nayo, kisichokatika tumboni. Kikaruhusiwa Marekani mwaka 1981. Huo ndio werevu wa kweli.

Sasa tuje kwenye unga wa akina mama, kolajeni. Hii ni protini ya ngozi, mifupa na mishipa, ambayo viwandani hukatwakatwa ikawa peptaidi fupi. Haijifanyi kuwa kidani kizima, nami lazima niiseme kwa haki. Wataalamu wa Kijapani walionyesha mwaka 2005 kwamba mtu akila jelatini, vipande vya shanga mbili vyapatikana katika damu yake. Je, vipande hivyo vyageuza ngozi ya mzee kuwa ya kigoli? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2025, uliokusanya majaribio 23, ulikuta kwamba yale yaliyolipiwa na makampuni yalionyesha faida, na yale yasiyolipiwa na makampuni hayakuonyesha. Mimi sina la kuongeza. Supu ya miguu ya ng'ombe ina kolajeni nyingi, na bei yake yajulikana.

Lakini kwetu sisi Waislamu kolajeni ina swali la pili, la mnyama gani. Viwanda huitoa katika ngozi na mifupa ya ng'ombe, katika ngozi na magamba ya samaki, na vilevile katika ngozi ya nguruwe. Jelatini ya maganda ya vidonge nayo ni vivyo hivyo. Ikiwa kopo lasema kolajeni tu bila ya kumtaja mnyama, uliza, na usipojibiwa liache dukani. Kuhusu insulini, zamani ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe, na jambo hilo liliwatia wengi wasiwasi. Tangu mwaka 1982 imekuwa ikiuzwa insulini iliyotengenezwa na bakteria kwa mfano wa insulini ya binadamu.

Kadhalika wako wanaoikimbia sindano mwezi wa Ramadhani kwa kuogopa kufungua. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, ilipokutana Jeddah mwaka 1997, ilitoa uamuzi kwamba sindano za tiba za chini ya ngozi, za msuli au za mshipa hazifunguzi saumu, isipokuwa zile za kulisha kwa njia ya mshipa. Hata hivyo mwenye kisukari asiamue peke yake kufunga wala kubadilisha kipimo cha dawa. Amwone daktari wake kabla ya mwezi kuandama, na amuulize shehe wake.

Nimalizie na vijana wa vyuma. Wao wamesikia habari za BPC-157, peptaidi ya shanga 15 isemwayo kwamba huponya mishipa iliyochanika. Huuzwa kwa sindano na kwa vidonge. Majaribio yake karibu yote yamefanywa kwa panya, na kwa binadamu ni haba mno. Shirika la kimataifa la kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni liliipiga marufuku mwaka 2022. Mwaka 2023 wakuu wa dawa wa Marekani waliiweka katika orodha ya vitu vyenye mashaka ya usalama, ambavyo maduka ya dawa yasivichanganye. Vichupa vingi vya namna hii hubandikwa maneno kwamba ni vya uchunguzi wa maabara, si vya kutumiwa na binadamu. Nami sisemi kwamba kwa kuwa kumeza hakufai, basi mjidunge. Sindano hulipita tumbo, na mtu akijidunga uchafu, hakuna bawabu wa kuuzuia.

Basi, msomaji, mchuuzi akikujia na peptaidi yake, muulize mambo manne. Dawa hii katika majaribio ilimezwa au ilidungwa? Walioijaribu walikuwa watu au panya? Ni hila gani inayoikinga na asidi na vikataji vya tumbo? Na je, imeandikishwa na bodi ya serikali inayosimamia dawa hapa Kenya? Mwenye dawa ya kweli atakujibu bila ya kukasirika. Asiyekuwa nayo atakuonyesha picha za watu waliopona. Wazee wetu walikwisha sema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.